Nani Anasema kwa Jina la Kongo Mbele ya Hakimu?



Hapa Mulongwe tumeulizwa swali moja mara nyingi tangu Desemba 2025, vita vilipoingia tena Uvira. Watu wanauliza: Leta ikienda tribinali, nani husimama akasema? Ni Rais mwenyewe? Ni prokireri wa parke? Au ni avoka wa kukodi tu, kama mtu anavyokodi gari la kupeleka mihogo sokoni, na safari ikiisha kila mtu anakwenda zake? Wako waliolicheka swali hili, wakasema ni la watu wasio na njaa. Sisi hatukucheka. Sisi ni makarani. Kazi yetu ni karatasi, na twajua kwamba kesi hupotea kwanza katika karatasi, kabla haijapotea kinywani mwa hakimu.

Tuondoe kwanza kosa moja ambalo wengi wanalo, hata waliosoma. Wanadhani prokireri ndiye avoka wa Leta. Sivyo. Mtu akishikwa kwa kuiba dhahabu au kwa kumpiga mwenzake, prokireri husimama kumshtaki kwa jina la jamii nzima, ili sheria ifuatwe. Hiyo ni kazi moja. Lakini mfanyakazi akiidai Leta mshahara wa miaka, au kampuni ya ng'ambo ikiishtaki Leta kwamba imevunja mkataba, au Leta yenyewe ikishtaki nchi jirani iliyoleta askari wake ndani, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Hapo Leta ni mdai au mdaiwa kama wewe na mimi. Inahitaji mtu wa kuisemea, mwenye kujua mambo yake yote, mwenye kutunza barua zake, mwenye kuulizwa baadaye ikiwa ameshindwa.

Majirani zetu wameyatenga mambo haya mawili waziwazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 156, inasema kwamba Mwanasheria Mkuu ndiye atakayeiwakilisha serikali ya taifa mahakamani katika kesi ambazo si za jinai. Na kifungu kinachofuata kinampa mtu mwingine, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kazi ya kushtaki wahalifu. Uganda ina Katiba ya mwaka 1995, na kifungu cha 119 kinampa Mwanasheria Mkuu kazi ya kuisemea serikali katika kila kesi ambayo serikali ni mmoja wa wenye shauri. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, yuko Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu zamani, na mwaka 2018 wakaongeza ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo inayobeba kesi za madai kila siku. Mvuvi wa Kigoma akiona serikali imemdhulumu, na apende kushtaki, anajua mlango wa kubisha.

Kwetu je? Tumeisoma Katiba ya 18 Februari 2006 kifungu kwa kifungu. Hatukuona cheo cha namna hiyo. Yuko Prokireri Mkuu, lakini kazi yake tumekwisha kuieleza. Kesi za Leta ziko mikononi mwa Wizara ya Sheria, na Wizara huwapa maavoka karatasi ya uwezo ili wakaseme. Mwaka 2024 serikali ilimweka hata Naibu Waziri wa Sheria wa kushughulikia kesi za kimataifa. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini waziri ni mtu wa siasa, leo yupo, kesho serikali imebadilishwa naye ameondoka, na avoka aliyempa karatasi hana tena wa kumwandikia. Kesi ya nchi na nchi inaweza kwenda miaka 20. Ni mawaziri wangapi wa Sheria wamepita Kinshasa katika miaka 20? Msomaji ahesabu mwenyewe, akiweza.

Watatuambia kwamba sisi tulipewa sheria ya Kibelgiji, na cheo cha Mwanasheria Mkuu ni cha Waingereza, hakituhusu. Twajibu hivi. Wafaransa, ambao sheria yao ni ndugu ya hii yetu, wana afisa mmoja katika wizara ya fedha ambaye kazi yake ni kuisemea Leta katika kesi za fedha. Kwa hiyo jambo hili halitegemei nani alikutawala. Linategemea kama mwenye nyumba anataka kuwa na msemaji wa nyumba.

Sasa tuingie katika kesi yenyewe, maana maneno bila mfano hayajengi.

Tarehe 23 Juni 1999 serikali ya Kinshasa ilipeleka mashtaka matatu kwa siku moja katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini La Haye, Uholanzi. La kwanza dhidi ya Uganda, la pili dhidi ya Rwanda, la tatu dhidi ya Burundi. Wakati huo sisi wa Uvira tulikuwa chini ya waasi wa RCD na askari wa kigeni tangu mwaka uliotangulia. Mashtaka hayo matatu yalikuwa na neno moja: mmeingia nchini mwetu kwa silaha, mmeua, mmepora. Basi msomaji angedhani yote matatu yangekwenda pamoja kama mitumbwi mitatu.

Haikuwa hivyo. Mwezi wa Januari 2001 Kinshasa iliondoa mashtaka dhidi ya Rwanda na Burundi. Yakabaki ya Uganda peke yake. Kwa nini? Kwa sababu Mahakama ya La Haye haina nguvu juu ya nchi isiyoikubali. Uganda ilikuwa imeandika tangu mwaka 1963 kwamba inaikubali, na Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, iliandika hivyo mwaka 1989. Rwanda na Burundi hazikuandika. Mwaka 2002 Kongo ilirudi tena na kesi mpya dhidi ya Rwanda, ikitafuta mlango katika mapatano mbalimbali ya dunia, pamoja na lile la kuzuia mauaji ya kimbari. Tarehe 3 Februari 2006 mahakimu 15 dhidi ya 2 walisema mlango huo umefungwa, kwa kuwa Rwanda, ilipoweka sahihi, iliweka sharti la kutoshtakiwa kwa njia ile. Mahakimu hawakusema kwamba Rwanda haina kosa. Walisema hawana ruhusa ya kusikiliza, tena wakakumbusha kwamba kila nchi hubaki na madaraka ya matendo yake hata kama hakimu hayupo.

Kesi dhidi ya Burundi haikurudi tena.

Tuseme wazi, maana jambo hili latuhusu sisi wa pwani hii kuliko mtu wa Kinshasa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ile watu wanayoiita Mapping, imeandika juu ya Makobola, mwendo mfupi kusini mwa mji wetu. Inasema kwamba kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, na inawataja waliofanya: askari wa waasi, wa jeshi la Rwanda na wa jeshi la Burundi. Watu hao 800 hawana hukumu hata moja huko La Haye. Shauri lao lilikuwamo katika mashtaka mawili ambayo moja liliondolewa na jingine likakataliwa mlangoni. Je, yuko mtu aliyekuja Makobola kuwaeleza wenye makaburi kwamba kesi imeondolewa, na kwa sababu gani? Sisi hatujamsikia. Mteja wa kawaida, avoka wake akiondoa kesi, angalau huitwa ofisini akaelezwa.

Tuiangalie sasa ile iliyobaki, ya Uganda, maana hapo ndipo tunapoona tofauti ya nyumba yenye msemaji na nyumba isiyo naye.

Mabishano makubwa yalisikilizwa mwezi wa Aprili 2005. Upande wa Uganda, aliyesimama mbele kama wakala wa serikali alikuwa Khiddu Makubuya, Mwanasheria Mkuu wa nchi ile, na nyuma yake ofisi yake yote. Upande wa Kongo wakala alikuwa balozi wetu huko Uholanzi, Jacques Masangu-a-Mwanza. Na pamoja naye Maître Tshibangu Kalala, avoka wa Kinshasa na wa Bruxelles, aliyebeba mzigo mkubwa wa hoja. Hatumtukani yeyote kati ya hao. Walifanya kazi, na walishinda! Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilisema kwamba Uganda ilivunja sheria ya dunia kwa kuingia Kongo kwa silaha, kwamba ilikuwa mtawala wa nguvu katika Ituri, na kwamba haikuwazuia maafisa wake kupora dhahabu, almasi na mali nyingine. (Tuseme kweli yote: Kongo nayo ilionekana na kosa, kwa sababu ya yale yaliyotendwa katika ubalozi wa Uganda Kinshasa.)

Wengine walinung'unika kwamba Kongo ilikodi Wazungu, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Bruxelles kama Jean Salmon, na Mwingereza Philippe Sands. Manung'uniko hayo hayana maana. Uganda nayo ilikuwa na Paul Reichler wa Marekani na Ian Brownlie wa Oxford. Kila nchi hukodi mabingwa. Mgodi nao hukodi fundi wa mashine kutoka nje, mashine ikiharibika. Lakini fundi akija, yuko kapita anayemwonyesha kisima, yuko karani mwenye daftari la mashine, lini ilinunuliwa, lini ilivunjika, kipuri gani kilibadilishwa. Fundi mgeni bila daftari hufanya nini? Hubahatisha.

Na hilo ndilo lililokuja kutupata.

Hukumu ya 2005 haikutaja fedha. Mahakama iliwaambia wenye shauri wakapatane kwanza. Wakazungumza karibu miaka 10 bila kupatana. Mwaka 2015 Kongo ikarudi La Haye kuomba hakimu apange kiasi. Mabishano yakasikilizwa Aprili 2021. Mwanasheria Mkuu wa Uganda wakati huo alikuwa William Byaruhanga. Mtu si yule wa 2005, lakini kiti ni kilekile, na kabati la barua ni lilelile. Kongo iliomba zaidi ya dolari bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikatoa dolari milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa, walioumizwa, walionajisiwa na waliokimbia, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa ardhi. Zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65, kuanzia Septemba 2022.

Rudia hesabu, ndugu. Katika kila dolari 100 tulizoomba, tumepewa kama 3.

Kwa nini? Watu wa mjini hupenda kusema kwamba mahakimu wa Ulaya hawatupendi. Sisi tumefuata sababu walizoziandika, na sababu hizo zinatuchoma sisi makarani kuliko mtu mwingine. Kongo ilidai kwamba watu 180,000 walikufa kwa makosa ya Uganda. Mahakama ikatafuta ushahidi wa hesabu hiyo, haikuuona. Fishi za wahanga zilizopelekwa, zilizojazwa kwa maelfu, nyingi hazikuwa na karatasi za kuzisaidia: cheti cha kifo, cheti cha daktari, ushuhuda uliowekwa sahihi. Mahakimu wakaona kwamba kwa kweli waliokufa wanaweza kuwa kati ya 10,000 na 15,000, wakapanga fedha kwa jumla tu, kwa kuwa haikuwezekana kuhesabu mtu kwa mtu. Tena walijua kwamba vita huharibu karatasi, wakalegeza masharti kwa sababu hiyo. Hata baada ya kulegeza, tulichopeleka hakikutosha.

Kati ya 2005 na 2022 ni miaka 17. Katika miaka 17 mtoto huzaliwa, husoma, hufika karibu kumaliza shule ya sekondari. Ofisi moja yenye makarani sita katika kila mji ulioumizwa, Kisangani, Bunia, Beni, ingeweza kuandika jina la kila marehemu, kwa tarehe na mahali na mashahidi wawili. Hatusemi hivyo kwa kujisifu. Sisi wenyewe katika ofisi ya mgodi tunaandika majina ya mamia ya watu kila mwezi, saa walizofanya, franka walizokatwa, na mwisho wa mwezi hesabu hukubali. Kazi hii inawezekana. Lakini ingefanywa na nani? Na balozi aliye Uholanzi? Na avoka mwenye wateja wengine 40? Na waziri ambaye hajui kama ataamka na kiti chake?

Tutasimulia jambo dogo lililotokea kazini mwetu. Mahali na kampuni hatutavitaja. Mfanyakazi mmoja aliangukiwa na jiwe, akafa baada ya siku chache. Mkewe alikuja kudai haki yake. Kampuni ikasema huyo mtu hakuwa katika orodha ya wafanyakazi. Alikuwa kibarua wa siku. Daftari la mwaka ule lilikuwa limeungua vitani. Sisi tuliokuwa kaunta tulijua kwamba alikuwa katika orodha, tulikuwa tukimwandika kwa mkono wetu, lakini ujuzi wetu haukuwa ushahidi. Yule mama akarudi siku ya pili na kopo la maziwa ya unga. Akafungua. Ndani mlikuwa na hati za mshahara za miezi 14, zimefungwa kwa uzi. Akasema, "Baba karani, mimi sijui kusoma, lakini bwana yangu aliniambia hizi karatasi zisilowane." Alilipwa. Hakulipwa yote, lakini alilipwa. Wenzake wawili, waume zao walikufa siku ileile, hawakuwa na kopo. Hawakupata kitu.

Kopo kama lile ndilo lililokosekana La Haye.

Na hata zile kidogo tulizopewa, tazama zilivyoendelea. Wakala wa Kongo alisema mbele ya Mahakama kwamba fedha zitagawanywa kwa haki, kwa njia ya mfuko maalumu, na wajumbe wa wahanga watakuwamo katika kuusimamia. Mahakama iliandika ahadi hiyo ndani ya hukumu. Mfuko huo, FRIVAO, makao yake ni Kisangani. Mwezi wa Septemba 2025 Mahakama ya Kasasyo mjini Kinshasa ilimhukumu waziri wa Sheria aliyekuwa amejiuzulu miaka mitatu ya kazi ngumu, kwa kuchepusha dolari milioni 19 zilizotolewa kwa ajili ya kujenga gereza Kisangani. Na fedha hizo zilikuwa zimetoka katika fidia hiyohiyo ya wahanga. Yeye alikataa kosa. Sisi hatuongezi neno juu ya mtu. Tunauliza juu ya kiti. Waziri yuleyule ndiye anayewapa maavoka uwezo wa kuisemea Leta, na wizara yake ndiyo inayousimamia mfuko wa wahanga. Kofia mbili hizi zinakaaje juu ya kichwa kimoja?

Hapo ndipo wafanyakazi wa mgodi wanapotakiwa kufungua masikio zaidi. Wengi wanaamini kwamba avoka wa Leta ni avoka wao. Si kila siku. Avoka wa Leta husemea Leta, na Leta ina mambo yake. Wazee wa Kamituga na Lugushwa wanaikumbuka SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni kadhaa za dhahabu na kasiterite katika Kivu na Maniema. Ilipokufa mwaka 1997, haki za migodi ya dhahabu zilikuwa zimepata kwenda kwa kampuni ya Kanada, Banro. Mwaka 1998 serikali ikafuta mapatano kwa dekreti. Kampuni ikaishtaki Leta katika kituo cha usuluhishi kilichoko Washington. Mwaka 2000 wasuluhishi wakasema hawana ruhusa ya kusikiliza, maana Kanada haikuwa imeingia katika mapatano ya kituo kile wakati huo. Unaona, ndugu? Mlango uleule tuliofungiwa sisi mbele ya Rwanda, pale ulitufaa. Lakini mwaka 2002 serikali na kampuni wakapatana, na migodi ikarudi kwa kampuni. Walioketi mezani walikuwa wajumbe wa Leta na wajumbe wa kampuni. Mfanyakazi wa SOMINKI, aliyekuwa akingoja hesabu yake ya mwisho, hakuwa na kiti pale. Wako wazee waliokufa wakiidai, na wako wanaoidai hata sasa.

Kwa hiyo sisi hatuombi tu avoka mkubwa wa Leta. Avoka mkubwa asiyeulizwa ni hatari sawasawa na avoka asiyekuwapo. Tunaomba ofisi iliyowekwa kwa sheria ya Bunge, ambayo mkubwa wake anajulikana jina, hafukuzwi kwa kubadilishwa kwa waziri, na kila mwaka anafika mbele ya wadeputé akasema: kesi ngapi tumeshtaki, ngapi tumeshtakiwa, ngapi tumeshinda, ngapi tumeondoa na kwa sababu gani, avoka gani wa nje tumemkodi na kwa franka ngapi. Na kabla ya kuondoa kesi inayohusu damu ya watu, aende kwa watu hao akawaambie. Na fedha za wahanga zitoke kabisa mikononi mwa wizara inayoongoza maavoka.

Na ofisi hiyo iwe na tawi huku. Hatutaki tawi la bendera na gari. Mezani karani mmoja, daftari, muhuri na sanduku la chuma lisiloingia maji. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, ulichukua watu na nyumba zao, na pamoja na nyumba ulichukua vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya viwanja. Moto wa vita umefanya vilevile. Mtu wa Uvira anayetaka kuthibitisha kwamba alikuwa na nyumba, mke na watoto, mara nyingine hana hata karatasi moja ya kumsemea.

Jambo hili lina haraka. Mwaka 2023 Kongo ilipeleka mashtaka mapya dhidi ya Rwanda, safari hii katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Hoja za mlango zilisikilizwa Februari 2025, siku zilezile ambazo Bukavu ilikuwa ikianguka. Tarehe 26 Juni 2025 mahakimu wakasema: tuna ruhusa ya kusikiliza. Sikieni vizuri, ndugu. Mlango uliofungwa La Haye mwaka 2006 umefunguliwa Arusha mwaka 2025. Kufungua mlango si kushinda. Ndani ya nyumba mtaulizwa lile lile mlilolizwa mwaka 2022: jina, tarehe, mahali, shahidi, karatasi.

Na Arusha si Uholanzi. Mtu anaweza kuvuka ziwa kwa meli mpaka Kigoma, akapanda treni na basi, akafika. Mahakimu wenyewe ni Waafrika, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika. Mama wa Makobola au wa Kavimvira akiandika ushuhuda wake kwa lugha aliyonyonya, hakuna aibu yoyote. Aandike tu, au aandikiwe.

Wadeputé wetu wa Uvira na wa Fizi wanapenda kutujia wakati wa kura na vitenge. Safari hii tuwaulize mambo mawili kabla hatujapokea kitenge. La kwanza: avoka anayeisemea Kongo huko Arusha anaitwa nani, na ofisi yake inapokea barua zetu wapi? La pili: mmeleta Bungeni pendekezo la sheria ya kuweka ofisi ya kudumu ya wanasheria wa Leta, au mnangoja kesi ijayo? Akijibu "tutaangalia", tuandike jibu hilo na tarehe.

Wakati tunangoja, sisi makarani kadhaa wa migodi na wa shule tumekubaliana kufanya sehemu yetu bila malipo. Kila Jumamosi baada ya kazi, mtu aliyepotewa na ndugu au mali, tangu 1998 mpaka leo, tutamwandikia fishi yake. Aje na jina kamili la marehemu na la baba yake, kijiji, tarehe au angalau mwezi na majira, waliofanya kama aliwaona na nguo walizovaa, na majina ya watu wawili walioona pamoja naye, ambao si wa nyumba moja. Kama ana cheti cha hospitali, cha kanisa au cha msikiti, aje nacho. Tutakinakili na kumrudishia palepale. Tutaandika fishi tatu: moja abaki nayo mwenyewe, moja itunzwe hapa, ya tatu ivuke ziwa ikatunzwe mahali ambapo risasi za huku hazifiki. Asiyejua kuandika ataweka kidole gumba. Wino tunao.